Watu wa Sitahani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimehamishwa. Sikupandishwa wala kushushwa. Nimehamishwa tu, kama kabati.

Chanzo ni miwani ya Mama Masjala, mtunza mafaili wetu. Mkono wa miwani ulivunjika, nikauunga kwa gundi na kipande cha waya wa klipu, na mahali nilipounga hapaonekani. Mkurugenzi akaichukua, akaigeuzageuza, akauliza imetengenezwa na fundi gani. Mama akajibu kwa kujivuna: "Fundi gani tena, Mzee? Ni huyu mwanangu wa hapa!" Mdomo wake, kichwa changu.

Nyuma ya ofisi ya Mkurugenzi kuna chumba kilichokuwa stoo. Hakina dirisha. Kina mlango mmoja tu, nao unafungukia ofisini kwake. Ndani kuna meza ndefu, taa ya kuinamisha, kioo cha kukuzia — na meli. Manowari ya enzi zile meli zilipokuwa na mvuke na matanga kwa pamoja: milingoti mitatu na bomba la moshi katikati. Ukiilaza kifuani itatoka bega hadi bega na kuzidi. Kila kitu kwa kipimo, kwa mujibu wa michoro iliyoletwa na kijitabu chake. Ameijenga mwenyewe kwa miaka, na Mungu anisamehe, ameijenga vibaya. Mbao za ubavu wa kushoto zimevimba kama shavu lenye jino bovu.

Anaitaka iwe tayari mwisho wa mwezi, wajumbe wa bodi watakapokuja. Itawekwa mapokezi ndani ya sanduku la kioo.

Mwisho wa mwezi ndipo muda wangu wa majaribio unapokwisha. Hakulisema hilo. Hakuhitaji kulisema.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandua mbao zote za kushoto na kuanza upya. Unaloweka ubao kwenye maji ya moto, unaupinda taratibu kwenye mbavu za meli, unaubana kwa vibanio, unasubiri. Ukiharakisha unavunjika. Kazi tamu, sitasema uongo. Kazi yangu ya bima sijawahi kuipenda hivi.

Lakini nikitoka kwenda chai ofisi nzima inanigeukia. Dereva ndiye kiongozi wa kwaya. Anasimama wima, anapiga saluti: "Admirali! Bahari imetulia?" Wote wanacheka. Mapema leo kasema nikizama nimwachie kiti changu. Kumbe kiti chenyewe kimeshachukuliwa. Juu ya dawati langu kuna maboksi ya fomu za madai.

Nyumbani Kaka kafurahi kupita kiasi. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi hii, alinyenyekea kwa watu hadi goti likachubuka, kwa maneno yake. "Bwana mdogo, bosi akikupenda usimuulize kwa nini. Kibarua kikiota nyasi mimi sina pa kukupeleka tena." Shemeji akamwambia aniache nile kwanza. Nikala. Sikusikia ladha.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu tupu!

Nilikuwa chumbani mwangu (naanza kukiita changu!) wageni walipoingia kwa Mkurugenzi. Watu wawili wa bodi. Siwezi kupita katikati yao na suruali yenye vumbi la msasa. Nikasubiri. Nilikuwa nimekunywa chai mbili. Wakakaa. Wakaendelea kukaa.

Nikasikia yote bila kutaka. Kwamba kampuni imekuwa nzito. Kwamba wanataka kuiona nyepesi kabla ya mwisho wa mwezi, na namna ya kuipunguza wanamwachia yeye. Mkurugenzi akajibu kwamba hilo halina shida, yeye ni mtu wa bahari. Wakacheka.

Mimi nimebana mapaja nyuma ya mlango.

Aliyeniokoa ni Dereva. Aligundua sijaonekana tangu asubuhi. Akagonga, akasema gari la waheshimiwa limeziba lango na lori la maji linataka kuingia, waje watazame. Wakatoka wote. Nikachomoka kama mshale. Nilipotoka chooni yuko koridoni anajifuta machozi ya kicheko: "Admirali, ungemwagia maji melini ungezama!" Hakukuwa na lori lolote.

Jumanne, 11 Machi

Ubavu wa kushoto umenyooka. Mkurugenzi kapitisha kiganja juu yake, kafumba macho. Kisha kakaa kwenye kigoda, kanisimulia.

Meli hii ilikuwa inafukuzwa na adui ikafika penye fungu la mchanga. Kina kidogo, meli nzito. Nahodha akaamuru vitupwe vitu. Kwanza mizinga ya nyuma. Halafu nanga, makaa, mapipa ya maji. Mwisho kinanda cha maofisa, kikaanguka majini kinapiga chenyewe. Ikapanda, ikapita. "Iliokoka kwa kutupa," akasema. "Watu wanadhani uongozi ni kukusanya."

Nikasema ndiyo, Mzee.

Leo pia imefika bahasha ya mabaharia. Vijitu vya plastiki vyeupe, kimo cha nusu ya njiti ya kiberiti. Nivipake rangi, sare ya buluu na nyeupe, nivipange sitahani, sakafu ya juu ya meli.

Alhamisi, 13 Machi

Upweke unamfanya mtu mjinga. Mchana nilikuwa na kijitu kimoja chenye tumbo kidogo, kasoro ya kiwandani. Nikacheka peke yangu. Badala ya sare nikampaka shati la kijani, kofia kisogoni, na sharubu nilizochora kwa unywele mmoja wa brashi. Dereva mtupu! Nikamsimamisha omoni, mbele kabisa, mkono kiunoni. Nilitaka nimwonyeshe kesho, nimlipe za saluti.

Mkurugenzi akaingia kabla sijamficha. Akainama. Akachukua kioo cha kukuzia. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa, mpaka akavua miwani. "Ni yeye! Mpuuzi huyu, ni yeye!"

Nikacheka na mimi. Unafikiri ningefanya nini?

Kaniambia nitengeneze wote. Ofisi nzima. Kila mtu kama alivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepaka rangi mchana kutwa kwenye meza ya Shemeji, juu ya gazeti. Sijawahi kufanya kitu kizuri namna hii. Dada wa Mapokezi na kitambaa chake cha njano. Mlinzi na buti zake nyeusi, buti nimezing'arisha kwa vanishi. Mhasibu Msaidizi na upara. Yule mama wa chai, na birika lisilozidi punje ya mtama. Mama Masjala nimemwachia mwisho, kwa mapenzi. Miwani yake nimeitengeneza kwa waya mwembamba kuliko uzi.

Shemeji akawatazama mmoja mmoja. Akasema wanatisha kidogo, wamekuwa kama watu. Kaka akauliza wewe uko wapi hapa? Nikatafuta. Sipo. Mkurugenzi hakunitaja na mimi sikujikumbuka. "Ndiyo vizuri," Kaka kasema. "Mpiga picha hatokei pichani."

Jumatatu, 17 Machi

Tumewapanga pamoja. Mkurugenzi anashika kila mmoja kwa kibano, anamtaja, anamweka. Mama Masjala kwenye mlango wa ghala la baruti, "maana anatunza siri." Dereva abaki omoni. Tulifurahi kama watoto, nakiri.

Jioni nikifunika meli kwa kitambaa nikaona pengo. Dada wa Mapokezi hayupo. Nikapiga magoti nikatafuta chini ya meza, nikachambua vumbi kwa vidole. Mwishowe nikamwona, kalala ndani ya kisanduku cha kiberiti kilichoachwa wazi kando ya taa. Labda kaanguka Mkurugenzi akamhifadhi. Nikamrudisha mahali pake.

Jumanne, 18 Machi

Dada wa Mapokezi kaitwa asubuhi. Katoka na bahasha. Hakulia mpaka alipofika kwenye meza yake na kukuta simu inaita, kwa mazoea akaipokea, "Habari za asubuhi, tukusaidie nini?" — ndipo akalia.

Niliporudi chumbani kijitu chake kilikuwa tena kwenye kiberiti. Mkurugenzi akasema bila kuinua macho: "Usiwarudishe. Niliyemshusha ameshuka."

Ni mimi niliyeanza. Utani wangu!

Alhamisi, 20 Machi

Mama wa chai. Mhasibu Msaidizi. Kila mara ni hivyo hivyo: jioni anakaa kwenye kigoda, anatazama sitaha muda mrefu, kibano kinaelea hewani kama mwewe. Halafu kinashuka. Asubuhi mtu anaitwa. Nadhani bila hawa vijitu asingeweza haraka hivi. Mtu mwenyewe ana sauti, ana watoto, anakusalimia. Kijitu unakiinua tu.

Ofisini hakuna anayepiga saluti tena. Nikipita mazungumzo yanakatika. Mama Masjala kanivuta nyuma ya mashubaka ya mafaili. Anauliza kwa kunong'ona: "Mwanangu, wewe uko ndani kule. Kunapikwa nini?"

Nikasema, "Mimi napaka rangi tu, Mama."

Akaniangalia kupitia miwani niliyoitengeneza. Akanipa kipande cha mkate kwenye karatasi. "Haya. Kula, umekonda." Nimekila chooni.

Ijumaa, 21 Machi

Nilitaka kumweleza Kaka. Nikaanza, nikasema Mkurugenzi anapunguza watu. Akashika kichwa: "Na wewe?" Nikasema mimi bado. "Basi funga domo! Huu ndio wakati wa kuwa jiwe." Shemeji kauliza hao wengine je, hawana nyumba? Kaka kamjibu hao wengine si wadogo zake.

Hana ubaya. Anaogopa tu. Ukoo wetu ni mabingwa wa kuogopa, tungekuwa na kombe.

Jumatatu, 24 Machi

Nilipata wazo. Niliamka nalo, nikalibeba njia nzima kama yai.

Mkurugenzi alikuwa na kikao nje hadi mchana. Nikachukua supaglu, nikamwinua kila aliyebaki, nikapaka nyayo, nikambandika. Nikapaka tena pembeni kwa ncha ya sindano. Nikapuliza. Nikavuta kwa kibano — hatoki mtu! Nikasema moyoni, haya, tuone. Sijawahi kuwa shujaa. Hii ndiyo njia yangu, ya gundi.

Jioni akakaa. Kibano kikaelea. Kikamshika Mlinzi kiunoni. Akavuta. Akavuta tena. Akanitazama. Nilikuwa nimeshika msasa kwa nguvu hadi umenikwaruza.

Akavuta kwa mkupuo. Kikalia *tik*. Mlinzi katoka, lakini amekatika vifundoni. Buti zimebaki sitahani. Buti mbili nyeusi, zinang'aa, hazina mtu.

Nilidhani atanifukuza palepale. Akatabasamu. "Umewabandika. Vizuri, kazi imara. Mapokezi pale watu wanagusagusa." Akamweka Mlinzi kwenye kiberiti. "Hizo buti kesho uzikwangue."

Jumanne, 25 Machi

Mlinzi kaondoka na begi na redio yake. Kamshika kila mtu mkono, na mimi pia. Mkono wake mkubwa, wa moto. Kaniambia nisome sana, nisije nikaishia getini.

Nimezikwangua buti kwa wembe. Zimeacha alama mbili nyeupe kwenye mbao. Msasa hauzitoi, nikizidisha nitatoboa sitaha. Nimeweka kamba iliyoviringwa juu yake.

Jumatano, 26 Machi

Nilipiga moyo konde. Ni kwamba kile kijitabu kilichokuja na michoro kina kurasa baada ya ile habari ya kinanda. Nimezisoma. Meli ilipita mchanga, ndiyo. Siku ya pili yake adui akaizunguka kwa upande wa pili, na ilikuwa haina mizinga ya nyuma, haina makaa ya kukimbilia, haina hata nanga ya kusimama. Nilimsubiri Mkurugenzi amalize simu. Nikasema, sauti nyembamba kama ya mbuzi:

"Mzee, samahani. Ile meli... kumbe ilizama. Kesho yake."

"Najua," akasema. "Nimekisoma kabla hujazaliwa."

"Kwa sababu ilikuwa imetupa—"

"Nahodha alifika nchi kavu," akasema. "Akapewa meli nyingine." Akanipiga bega, kwa upole. Akauliza bendera ya nyuma inakauka lini.

Alhamisi, 27 Machi

Kesho bodi. Meli imekamilika isipokuwa kamba chache za mlingoti wa nyuma. Ni nzuri, kumbe. Nasema ukweli wangu hapa ambapo hakuna anayesoma: ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kugusa, na ninatamani ishike moto.

Jioni hakushika kibano. Alikiweka mbele yangu.

"Amebaki mmoja wa kushuka," akasema. "Nimechoka kuchagua. Ama yule mama wa mafaili, ama dereva. Mmoja anatosha, bodi wataridhika. Wewe umekaa nao, unawajua kuliko mimi. Kesho wakiwa hapa nitachungulia, nikute umeshamaliza."

Nikasema mimi ni mdogo, Mzee, siwezi.

"Muda wako wa majaribio unaisha kesho," akasema. "Nataka kujua nimemwajiri nani."

Kaka kauliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Ijumaa, 28 Machi

Naandikia humu chumbani, daftari juu ya goti. Bodi wako upande wa pili wa mlango. Nasikia vikombe. Siwezi kutoka.

Nimefikiri kila njia. Nikisema sichagui, mimi ndiye naondoka, na bado atamshusha mmoja wao kabla ya chakula cha mchana. Basi nitakuwa nimesaidia nini? Hivyo ndivyo Kaka angesema. Hivyo ndivyo nasema na mimi, kwa sauti ya Kaka.

Mama Masjala amebakiza muda kidogo astaafu. Dereva ni kijana, mcheshi, anaweza kupata gari lingine. Nani kasema anaweza? Mkewe kajifungua mwezi uliopita, alituletea picha, akasema mtoto ana sharubu kama zake, tukacheka. Mama ana wajukuu anaowasomesha. Nawapima kama nyama buchani! Nyamaza.

Nikapata jingine. Kwenye bahasha kumebaki kijitu kimoja cheupe. Nimempaka rangi: shati jeupe, tai, mabega juu kama anayengoja kofi. Mimi. Nimwekee nyayo gundi, nimsimamishe, halafu nimng'oe mwenyewe, nimlaze kwenye kiberiti. Akichungulia akute mimi ndiye niliyeshuka. Ni safi. Ni haki. Nimemshika kwa kibano hadi vidole vimekufa ganzi.

Bado nimemshika.

Nimemlaza mezani. Rangi haijakauka. Ndiyo sababu. Rangi haijakauka.

Nimefanya jambo dogo tu. Nimemtoa Mama Masjala mlangoni mwa ghala — nilipitisha wembe chini ya nyayo, taratibu, hakukatika — nikamsogeza nyuma ya bomba la moshi, kati ya mashua na ukuta. Huwezi kumwona usipoinama. Sikuchagua. Nimemficha tu mama wa watu. Dereva sijamgusa hata kwa pumzi.

Mlango ulifunguka. Nikalikalia daftari. Mkurugenzi kachungulia na kikombe mkononi. Katazama kiberiti, halafu sitaha, mara moja, juu juu. Pale omoni amesimama Dereva peke yake, mkono kiunoni. "Kiberiti hakina mpya. Mama umemsitiri, huyu umemwacha mbele nisimkose," akasema. "Dereva. Hata mimi nilidhani hivyo." Nikafungua mdomo. Akaonyesha kidole cha kimya, kwa sababu ya wageni, akarudi kwao. Mlango hakuusukuma vizuri. Umebaki wazi upana wa kiganja.

Namsikia anasema aitwe Dereva.

Wageni wanaongea habari za kioo, kama kitakuwa na taa ndani. Ninaweza kutoka. Hatua tatu nne. Niseme mbele ya wote, Mzee, umekosea, sikumchagua huyu. Ataniuliza, basi nani? Ataniuliza mbele yao.

Nimesimama. Nimekaa tena, nimechukua daftari.

Dereva ameingia. Anawaamkia wote, shikamooni waheshimiwa, sauti yake ile ile. Anachezesha funguo za gari. Anadhani ameitiwa safari. Anauliza:

"Tunaelekea wapi leo, Mzee?"

Hakuna anayemjibu bado. Bado kuna nafasi. Mkurugenzi anavuta droo ya bahasha. Nikisema ni sasa, na mkono huu unaandika, hautaki kuacha, unaandika